Barua kwa Mhariri: Kiinua mgongo cha mfanyakazi wa mradi kimo katika bajeti ya nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo, tangu miradi mingi ya misaada ilipofungwa mwaka 2025, limezungumzwa kwa mzaha zaidi kuliko kwa hesabu. Msibani, kwenye vikao vya harusi na hata kwenye foleni ya benki, hakosekani mtu wa kusema kwamba walioajiriwa na mashirika yasiyo ya kiserikali, yaani asasi au NGO, walikula vinono kwa miaka mingi, kwa hiyo leo wakirudi mtaani hawana haki ya kulalamika mbele ya mtu wa kiwandani au dukani aliyekuwa akipokea nusu ya mshahara wao. Mimi ni mhasibu. Niliandaa mishahara ya kiwanda kimoja cha mbao kwa miaka sita, kisha nikaandaa ya asasi iliyotekeleza mradi wa Ukimwi mkoani Njombe kwa miaka minane na miezi kadhaa, na niliyoyaona pande zote mbili yananilazimu kuwaomba wasomaji waangalie zaidi ya tarakimu ya mwisho kwenye hati ya mshahara.

Nianze na tarakimu hiyo, maana ndiyo inayowakera watu. Krismasi ya mwaka 2024 tulikutana nyumbani kwa mama, na mdogo wangu, ambaye ni mtunza stoo katika kiwanda binafsi, alikuwa amebeba hati zake tatu za mshahara kwa sababu alikuwa akiomba mkopo wa benki wa kumalizia nyumba. Nikatoa yangu ya mwezi Novemba, tukazilaza sambamba juu ya kitambaa cha meza. Yake ilianza na shilingi 1,100,000. Ikatoka 110,000 ya NSSF, ikatoka kodi ya 125,500, akabaki na 864,500. Yangu ilianza na 2,400,000; ikatoka 240,000 ya NSSF na kodi ya 476,000, nikabaki na 1,684,000. Mama, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, aliuliza tu imekuwaje mwenye pesa nyingi ndiye aliyepanga chumba na sebule, na mwenye kidogo ndiye anayejenga.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi nyingine ambazo hatukuzileta mezani, yaani mikataba yetu. Mdogo wangu alipata mkopo wa miaka sita kwa kuwa mkataba wake ni wa muda usiotajwa. Mimi nilikuwa nimekwenda katika benki hiyo hiyo mwezi Oktoba. Afisa mikopo aliufunua mkataba wangu hadi ukurasa wa mwisho, akapiga mstari kwa penseli chini ya tarehe 30 Septemba 2025, akaniambia kwa adabu zote kwamba mkopo wowote atakaonipa lazima uwe umekwisha kulipwa kabla ya siku hiyo. Kwa mshahara wa mkononi unaokaribia mara mbili ya ule wa mdogo wangu, nilistahili mkopo wa kununulia pikipiki. Sikumlaumu. Alisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni kwamba mimi ni mtu wa mwaka mmoja, ingawa huo ulikuwa mwaka wangu wa tisa kazini.

Tarehe hiyo haikutungwa na mwajiri wangu. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba na kuishia tarehe 30 Septemba, na fedha za mradi wetu zilitoka huko, kwa hiyo mikataba yetu ilikatwa kwa kipimo hicho. Mradi wa kwanza ulipokwisha ulikuja wa pili wenye jina jipya na nembo mpya mlangoni, lakini ofisi ilikuwa ileile, magari yaleyale na wagonjwa walewale. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-2023 uliikuta Njombe ikiwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba kazi ya namna hiyo ingekwisha mwezi Septemba. Kazi ilikuwa ya kudumu. Mikataba ndiyo iliyokuwa ya msimu.

Wapo wanaodhani kwamba asasi zina sheria yao ya kazi. Hazina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, haimuulizi mwajiri kama anatafuta faida au hatafuti: siku 28 za likizo ya mwaka, siku 84 za likizo ya uzazi, saa 45 za kazi kwa wiki na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi vinawahusu wote sawasawa. Tofauti inaanzia kwenye kifungu cha 42. Kifungu hicho kinampa mfanyakazi aliyeachishwa kazi na mwajiri, akiwa ametumikia angalau miezi 12 mfululizo, malipo ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, hadi kikomo cha miaka 10. Hicho ndicho kiinua mgongo cha kisheria. Lakini kifungu hicho hicho kinamwacha nje mtu ambaye mkataba wake umekoma kwa kuisha muda wake. Mtu wa kiwandani mwenye mkataba usio na ukomo haguswi na sharti hilo mpaka atakapostaafu. Mtu wa mradi, ambaye mkataba wake hufa kila tarehe 30 Septemba na kufufuka kesho yake, hesabu yake huanza upya kila mwaka, hata kama hakuwahi kukosa kazini siku moja.

Nitatoa mfano wa dereva wetu, na kwa kuwa jambo lake bado halijaamuliwa sitamtaja jina wala kuitaja asasi. Ana mikataba tisa, ya kwanza ya Oktoba 2016 na ya mwisho ya Oktoba 2024, yote imo katika faili la plastiki la kijani analolihifadhi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Mshahara wake wa msingi ulikuwa 910,000. Ukiugawa kwa siku 26 unapata 35,000 kwa siku. Kwa miaka minane kamili ni siku 56, sawa na shilingi 1,960,000. Hicho ndicho ambacho angeondoka nacho kama miaka yake ingehesabiwa kuwa ni utumishi mmoja. Aliambiwa kwamba mkataba wa tisa ulikuwa umetumika miezi mitano tu, ambayo haifiki 12, na kwamba ile minane iliyotangulia ilijifia yenyewe kwa kuisha muda. Akalipwa notisi ya mwezi mmoja, siku zake za likizo na hati ya utumishi. Dereva wa lori la kiwanda mwenye mshahara wa 520,000, ambao mwenzake wa mradi angeucheka, akiondolewa baada ya miaka hiyo minane kwa sababu biashara imedorora, sheria inampa shilingi 1,120,000. Naomba wale wanaosema vinono watazame hapo.

Ningependa pia mawakili watuambie, kupitia gazeti hili kama wataona inafaa, dereva aliingiaje kwenye mkataba wa aina hiyo. Kama sheria ilivyosomeka katika miaka hiyo, mkataba wa muda maalumu uliwekwa kwa ajili ya wataalamu na kada ya uongozi. Dereva ni fundi wa kazi yake, na wa kwetu alikuwa fundi hasa, aliyejua ni daraja lipi la Ludewa halipitiki mwezi Machi, lakini sidhani kama ndiye aliyekusudiwa na maneno hayo. Isitoshe, sheria yenyewe inatambua kwamba kutohuisha mkataba, pale ambapo mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa, kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Mtu ambaye mkataba wake umehuishwa mara nane ana matarajio, hata kama hakuna aliyemwahidi.

Yaliyotokea mwaka 2025 yanajulikana, kwa hiyo nitayapitia haraka. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku nne baadaye amri za kusimamisha kazi zikaanza kutoka. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Na kufikia tarehe 1 Julai shirika hilo lilikuwa limefungwa. Sisi barua pepe ilitufikia Jumatatu, tarehe 27 Januari, kabla ya saa nne ya chai. Mwezi Machi mke wangu alikwenda kuchukua dawa zake za shinikizo la damu, na binti wa mapokezi aliirudisha kadi ya bima kupitia tundu la dirisha akisema kwamba mashine inaikataa. Bima ilikuwa imekatika siku ya mwisho ya Februari pamoja na ajira. NSSF walinilipa fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, na katika hilo sina lalamiko: lilinilipia kodi ya nyumba.

Nisieleweke kwamba nawapamba waajiri wa sekta binafsi, maana nimekaa jikoni kwao. Katika kile kiwanda cha mbao nilichoanzia, makato yangu ya NSSF yalikatwa kila mwezi bila kukosa, lakini nilipochukua taarifa ya michango miaka michache baadaye nilikuta mashimo ya miezi 11 ambayo hayakuwahi kuwasilishwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiandaa jedwali. Fedha tu ndizo hazikutoka, kwa sababu kila ilipofika tarehe ya kulipa, mwenye mali alikuwa na shehena ya magogo ya kulipia. Kulikuwa na vibarua waliofanya kazi miaka minne bila karatasi yoyote zaidi ya daftari la mnyapara. Saa za ziada zililipwa kwa kukadiria. Katika asasi hayo hayakuwezekana: mkaguzi wa mfadhili alikuja kila mwaka, akaomba stakabadhi za michango mwezi kwa mwezi, na mwezi mmoja ukikosekana, gharama yote ya mshahara wa mwezi huo ingeweza kukataliwa. Kwa unyoofu wa makato ya kila mwezi, nawapa asasi maksi zote. Bonasi ya kiwandani nayo, ambayo watu huitaja sana, niliiona mara mbili katika miaka sita.

Hata huo mshahara mnono una historia yake. Waliopita katika baadhi ya miradi ya Wamarekani wanaikumbuka fomu ya 1420, ambayo ilimtaka mtu aandike mshahara aliolipwa katika ajira zake za nyuma na kusaini kwamba anasema kweli. Aliyetoka ofisi kubwa ya kimataifa aliingia na mshahara wake mkubwa, na aliyetoka kiwandani Makambako aliingia na udogo wake, kisha wakapewa meza zinazotazamana na kazi ileile. Niliwahi kuandaa mishahara ya watu wawili wa cheo kimoja, mmoja akipata karibu mara mbili ya mwenzake, na nikalazimika kuificha siri hiyo kwa miaka mitatu.

Tena neno NGO lenyewe linafunika watu wa aina nyingi. Liko shirika la kimataifa lenye magari meupe na antena ndefu, na iko asasi ya vyumba viwili nyuma ya stendi, yenye mkurugenzi ambaye ndiye pia mwandishi wa maombi ya ruzuku, na mhasibu anayelipwa pale ruzuku inapoingia. Huyo wa pili hulipwa chini ya mtu wa kiwandani, na mkataba wake ni wa miezi sita.

Na chini kabisa ya ngazi hiyo walikuwapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mradi wetu ulikuwa nao 41. Walipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliokatisha dawa, mvua au jua, na walilipwa posho ya shilingi 60,000 kwa mwezi kwa sababu walikuwa wamesaini fomu ya kujitolea. Katika vitabu vyangu hawakukaa kwenye mstari wa watumishi. Walikaa kwenye mstari wa shughuli, pamoja na kukodi kumbi, chai ya mikutano na fulana za Siku ya Ukimwi Duniani. Hawakuwa na NSSF, likizo wala notisi, na mradi ulipofungwa hawakupewa hata barua, kwa kuwa hakuna barua ya kumwachisha kazi mtu ambaye kwenye makaratasi hakuajiriwa. Mwenye kiwanda cha mbao, kwa makosa yake yote, hakuwahi kuthubutu kuwaita vibarua wake watu wa kujitolea.

Sasa nirudi kwenye swali la kiinua mgongo, ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Kampuni ikimwondoa mtu baada ya miaka minane, inamlipa kutoka katika fedha iliyo nayo leo, na fedha hiyo ni faida iliyojilimbikiza, au mkopo, au kiwanja kilichouzwa. Asasi haina faida ya kulimbikiza. Kila shilingi iliyo katika akaunti yake ina jina la mfadhili, ina mstari wa bajeti na ina tarehe ya mwisho ya kutumika; ikibaki, inarudishwa. Fedha pekee yenye nafuu kidogo ni ile ya gharama za uendeshaji zisizo za moja kwa moja. Kwa ruzuku za Marekani, asasi isiyokuwa na kiwango kilichokubaliwa rasmi iliruhusiwa kudai asilimia 10 kwa miaka mingi, na kiwango hicho kikapandishwa kuwa asilimia 15 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, miezi minne tu kabla ya bomba kufungwa. Ndani ya asilimia hiyo mna kodi ya pango, umeme, mkaguzi wa hesabu, mlinzi na mhasibu mwenyewe. Hakubaki kitu cha kumwekea dereva.

Kwa hiyo asasi ikimwambia mfanyakazi wa miaka minane kwamba haina cha kumlipa, mara nyingi haisemi uongo. Kosa lilifanyika siku ile bajeti ilipoandikwa. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa mwaka ni gharama ya kazi iliyofanywa mwaka huo, sawa na mchango wa NSSF, na mahali pake ni kwenye bajeti ya mwaka huo huo, alipwe mfanyakazi au fedha ihifadhiwe. Kwa dereva wetu ingekuwa 245,000 kwa mwaka, takriban 20,400 kwa mwezi. Katika mradi ambao nilikuwa nikilipia maji ya kunywa ya semina kwa fedha nyingi zaidi ya hiyo, hakuna mfadhili ambaye angeshtuka. Hatukuiweka kwa sababu sheria haikutulazimisha kwa mikataba ya muda maalumu, na kwa sababu kila mtunga bajeti, nikiwamo mimi, alitaka fedha iende kwenye idadi ya wagonjwa watakaofikiwa, maana hiyo ndiyo inayoshinda maombi.

Wakurugenzi wa asasi hupenda kusema kwamba wafadhili hawakubali. Nimezisoma kanuni za ruzuku za Marekani kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na zinakubali malipo ya kuachishwa kazi pale yanapotakiwa na sheria, au yanapokuwa katika makubaliano ya mwajiri na mwajiriwa, au katika sera ya mwajiri. Maana yake ni kwamba bodi ya asasi ikikaa na kupitisha sera yenye aya moja, kwamba kila mwenye mkataba wa muda maalumu atalipwa kiasi fulani kwa kila mwaka aliotumikia, gharama hiyo inakuwa halali kuombewa. Zipo asasi hapa nchini ambazo zililipa mshahara wa mwezi mmoja mwishoni mwa kila mwaka wa mkataba kwa njia hiyo hiyo, na wafanyakazi wao waliondoka mwaka 2025 wakiwa wamekwisha kupata chao chote hadi Septemba iliyotangulia. Bodi nyingi hazikuandika aya hiyo kwa sababu wajumbe wake hukutana mara mbili kwa mwaka, na ajenda ya maslahi ya wafanyakazi huwa ya mwisho, baada ya watu kuanza kuangalia saa.

Nagusia pia suala la uwazi, kwa kuwa hapa ndipo mtu wa kampuni na mtu wa asasi wanapotofautiana kihaki. Mwenye kampuni akimlipa meneja wake atakavyo, ni mali yake. Asasi inalipa kwa fedha iliyoombwa kwa jina la wagonjwa, yatima au wakulima. Marekani, asasi iliyosamehewa kodi hujaza kila mwaka fomu ya 990, ambamo mishahara ya viongozi wake huandikwa, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Nilipata kuufungua mshahara wa mkuu wa shirika lililotupa ruzuku nikiwa nimeketi Njombe, nikausoma mpaka dola ya mwisho, lakini wa msimamizi wetu aliyekaa Dar es Salaam sikuwahi kuuona. Asasi zetu hupeleka kwa Msajili taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na humo mishahara yote huwa imerundikwa katika mstari mmoja. Ikitenganishwa kwa ngazi, bila majina, mzaha wa vinono utapata mahali sahihi pa kuelekezwa, maana vinono vilikuwapo kweli, ila si kwenye sahani zote.

Kila Mei Mosi tunabishana kuhusu kima cha chini, na ni haki tubishane. Serikali imepandisha cha watumishi wake kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na wastani wa sekta binafsi umepanda kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Lakini sijawahi kusikia bango la Mei Mosi linalouliza mfanyakazi anaondokaje. Naiomba wizara inayohusika na kazi, itakapoigusa tena sheria hii, ihesabu mikataba inayofuatana kwa mwajiri mmoja kuwa ni utumishi mmoja kwa ajili ya kifungu cha 42. Naziomba bodi za asasi zisisubiri wizara, maana fedha mpya zimeanza kuingia kidogo kidogo kutoka kwa wafadhili wengine, na naona bajeti zinaandikwa kwa kunakili zile za zamani. Mimi sasa ninatunza hesabu za wafungashaji wa parachichi, kwa mshahara uliopungua nusu na mkataba usio na tarehe ya mwisho, na mwezi uliopita niliombwa na asasi moja kupitia bajeti yake ya mradi mpya. Mstari wa kiinua mgongo haukuwamo. Niliuongeza kwa penseli.

Dereva wetu naye, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, naye alifika Juni mwaka jana, miezi mitatu nje ya muda. Barua ya kwanza ilikuwa imezungumzia kusitishwa kwa siku 90, kisha zikaja habari za vibali maalumu kwa huduma za kuokoa maisha, na kila alipopiga simu ofisini alijibiwa kwamba huenda magari yakarudi barabarani wiki ijayo. Fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda ina nafasi ya kueleza sababu za kuchelewa. Aliniomba nimsaidie kuijaza, tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi na lile faili la kijani, nami nikamuuliza niandike nini. Akasema, andika kwamba niliambiwa nisubiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu, Njombe
(Jina na anwani vimehifadhiwa na mhariri)